Kakapel, Malaba na Busia kwa Siku Moja: Mkaazi Aone Nini na Asiguse Nini

Mkaazi wa Busia akiulizwa ampeleke mgeni wapi siku ya Jumamosi, jibu la kawaida ni ziwani: Port Victoria au Sio Port, samaki na upepo. Ni jibu zuri. Lakini upande mwingine wa kaunti, kaskazini mwa Malaba katika Kaunti Ndogo ya Teso Kaskazini, kuna vilima vya mawe vya Chelelemuk, na humo kuna mwamba wa Kakapel wenye michoro ambayo ya zamani zaidi ilichorwa kabla ya jamii yoyote ya leo kufika katika ardhi hii.

Safari ya kupanda Kakapel asubuhi, kula mchana Malaba na kumalizia jioni katika mji wa Busia inawezekana kwa siku moja kwa mtu anayetumia matatu na bodaboda. Haihitaji gari la kukodi wala hoteli. Inahitaji viatu vizuri, kitambulisho, maji ya kunywa, na mikono isiyogusa kila kitu. Michoro ya Kakapel imestahimili jua, moshi na mvua kwa karne nyingi, lakini mtu mmoja mwenye chaki au chupa ya maji anaweza kuiharibu kwa dakika tano. Makala haya yanaeleza kinachopatikana njiani na sababu ya tahadhari hiyo.

Kwa nini miti imebaki vilimani

Anayetarajia msitu mnene kama ule wa Kakamega ajue mapema kwamba haupo hapa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 893,681 katika kaunti yenye eneo la takriban kilomita 1,700 za mraba, yaani zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Katika msongamano huo, karibu kila ardhi inayopitisha jembe imelimwa mahindi, muhogo, mtama, wimbi, miwa au tumbaku. Miti mingi inayoonekana kando ya barabara ni mikalitusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo na kuni. Miti ya asili imebaki pale ambapo jembe limeshindwa, yaani kwenye kingo za mito na katikati ya mawe.

Chelelemuk ni mahali pa aina hiyo. Mawe ya graniti, mengine makubwa kuliko nyumba, yamelaliana, na katika nyufa zake udongo kidogo uliokusanyika unatosha mizizi ya mkuyu kujishikilia. Njia za miguu hupita kati ya vichaka na mashamba madogo, kisha mashamba yanaisha na mawe yanaanza. Hapo joto la barabarani linapungua na sauti za ndege zinaongezeka. Si safari ndefu wala si ya kupanda kwa kamba. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaiweza, na watoto wa shule huiweza vizuri zaidi.

Miti hiyo inafanya kazi ambayo mpita njia haioni. Inapunguza kasi ya mvua ili udongo usiteremke wote mitoni. Inazuia vumbi na mvua ya upepo isipige uso wa mwamba moja kwa moja. Kivuli chake pia husaidia jiwe lisipate joto kali mchana na baridi ya ghafla usiku, hali ambayo hufanya ngozi ya juu ya jiwe kubanduka pamoja na rangi iliyo juu yake. Kwa hiyo anayekata mti mbele ya pango lenye michoro anaweza kudhani amechukua kuni tu, kumbe ameondoa na mwavuli.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka nchi iwe na miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake, na serikali ya kitaifa imeweka lengo la kufikisha asilimia 30 ifikapo mwaka 2032. Kaunti yenye mashamba yaliyobanana kama Busia haiwezi kuchangia lengo hilo kwa kutafuta msitu mpya mkubwa. Itachangia kwa miti ya mipakani mwa mashamba, ya shuleni, ya kando ya mito, na ya vilima kama hivi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inatambua misitu ya umma, ya jamii na ya watu binafsi, kwa hiyo hata kichaka cha ukoo kilicho juu ya mawe kina nafasi yake katika sheria.

Asubuhi: Kakapel

Anayetoka mji wa Busia anashauriwa kupanda matatu ya Malaba mapema, kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka Malaba anaendelea upande wa Amagoro na Kolanya, na sehemu ya mwisho huwa ni bodaboda. Bei ya bodaboda ipatanwe kabla ya kupanda, pamoja na saa ya kurudiwa. Sababu ya kuwahi si jua peke yake. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, mawingu hujikusanya mchana na ngurumo huja alasiri, na juu ya jiwe tupu si mahali pa kukutwa na radi. Aliye kilimani saa mbili asubuhi anakuwa ameshuka kabla ya saa sita. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye njia kavu. Kuanzia Machi hadi Mei mawe huteleza.

Kakapel ni mnara wa kitaifa ulio chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mgeni ajitambulishe kwanza kwa mlinzi au mhudumu, alipe ada kwa njia atakayoelekezwa na adai risiti. Aombe pia mtu wa kumwongoza. Wapo wanaoona kwamba kumlipa kijana wa kijiji ili awaonyeshe jiwe ni kupoteza pesa. Huyo kijana ndiye anayejua mchoro hafifu uko wapi, nyoka hupenda kuota jua wapi, na njia ipi haipiti shambani kwa mtu. Zaidi ya hayo, kijiji kinachopata riziki kutoka kwa mwamba kina sababu ya kuulinda.

Michoro iko chini ya mwamba mkubwa ulioinama kama paa. Macho huchukua dakika kadhaa kuizoea. Mwanzoni mgeni huona madoa mekundu tu, halafu duara linajitokeza, halafu duara ndani ya duara, halafu ng'ombe. Wataalamu wa michoro ya miambani wanaigawa katika makundi matatu. Ya zamani zaidi ni maduara na maumbo mengine ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wanayahusisha na Watwa, watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi. Juu yake kuna michoro ya wanyama, hasa ng'ombe wenye pembe ndefu, inayohusishwa na wafugaji waliokuja baadaye. Kundi la tatu ni alama za karibu zaidi na wakati wetu, na zipo hoja kwamba ni kazi ya mababu wa Wateso. Ukuta mmoja umetumiwa na watu wa aina tatu, kila mmoja akichora bila kufuta kabisa cha mwenzake.

Maduara kama hayo hayapo Kakapel pekee. Yapo katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, na yapo Nyero, wilaya ya Kumi mashariki mwa Uganda, ambako nako wenyeji ni Wateso. Hivyo mkaazi anayesimama Kakapel anatazama sehemu moja ya kazi iliyoenea kuzunguka ziwa zima, enzi ambazo hakukuwa na Kenya wala Uganda. Rangi nyekundu kwa kawaida hutokana na mawe na udongo wenye madini ya chuma, yakisagwa na kuchanganywa na kitu cha kuyashikisha kama mafuta au utomvu. Haikuwekewa kitu cha kuilinda. Imekaa hapo kwa sababu tu haikuguswa.

Kunde ya miaka 2,300

Michoro ndiyo inayovuta wageni, lakini kilichowapa wanasayansi sababu ya kuizungumzia Kakapel duniani kimetoka chini ya miguu yao. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa pamoja na wenzao wa vyuo vya nje walichimba sakafu ya pango hilo na kukuta kwamba watu wamelitumia kwa zaidi ya miaka 9,000. Mwaka 2020 utafiti wa vinasaba ulieleza mifupa ya watu waliozikwa hapo, mmoja wao akiwa aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita kwa kuwinda na kuokota.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ambayo yangestahili kubandikwa katika kila soko la kaunti. Wachimbaji walichukua udongo wa pango wakautia ndani ya maji. Udongo na mawe huzama, na vipande vya makaa na mbegu zilizoungua huelea, kisha hukusanywa kwa chujio na kukaguliwa moja moja kwa darubini. Mbegu iliyoungua ndiyo hudumu, kwa sababu mbichi huoza. Kwa njia hiyo walipata kunde ambayo umri wake, ulipopimwa, ulikuwa takriban miaka 2,300. Walipata pia mtama na mamia ya mbegu za wimbi, vyote vikionyesha kilimo cha angalau miaka 1,000 iliyopita. Walipata punje moja tu ya njegere, ambayo imezua mjadala kuhusu ilikotoka, wengi wakitazama upande wa Ethiopia.

Maana yake kwa mkulima wa Teso, Nambale au Butula ni hii: kunde aliyofungia mafungu asubuhi ili auze sokoni ina historia hapa nyumbani ya zaidi ya miaka elfu mbili. Wimbi la uji na la ajon lilikuwa likipikwa kwenye vilima hivi hivi kabla ya ufalme wowote wa Ulaya kujua ziwa liko wapi. Muhogo na mahindi, ambavyo leo huitwa chakula cha kienyeji, ni wageni waliotoka Marekani Kusini na ya Kati katika karne za karibuni.

Kinachopaswa kueleweka ni kwamba habari hizo zilisomwa kutokana na mpangilio wa tabaka za udongo. Kilicho chini ni cha zamani na cha juu ni cha baadaye. Mtu akichimba shimo kutafuta mali ya kale, au akichota udongo wa pango kwa matumizi yoyote, tabaka huchanganyika na hakuna maabara inayoweza kuzipanga tena.

Makatazo na sababu zake

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inafanya kuharibu, kubadilisha au kuondoa sehemu ya mnara wa kitaifa kuwa kosa. Lakini wengi wanaoharibu michoro hawana nia mbaya. Mmoja humwagia ukuta maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji hubeba chumvi za jiwe na kuziacha juu ya mchoro kama ukungu mweupe, na kila mara yanapokauka huchukua rangi kidogo. Mwingine hupitisha chaki juu ya mistari ili watoto waone vizuri, na chaki hiyo haitoki bila kutoka na rangi ya chini. Wa tatu hugusa tu. Jasho na mafuta ya kidole kimoja si kitu, ila shule moja ikileta wanafunzi mia moja, hiyo ni mikono mia mbili kwa saa moja. Moto wa kuchoma mahindi chini ya pango huacha masizi yanayofunika kila kitu. Na wapo wanaoandika majina yao na ya wapenzi wao.

Walimu wanaopanga ziara wanaombwa kugawa wanafunzi katika vikundi vidogo, na kuwapa wanaosubiri kazi ya kufanya nje ya pango, kwa mfano kutambua miti. Picha zinaruhusiwa kwa idhini ya mhudumu. Katika mwanga hafifu, simu nyingi za sasa hutoa picha nzuri bila maji wala chaki. Anayetaka rangi zionekane zaidi aziongeze kwenye simu akifika nyumbani.

Suala la mawe ni gumu zaidi. Katika vilima vingi vya kaunti hii, mawe huvunjwa kuwa kokoto, na kuna watoto wanaosoma kwa ada iliyotoka kwenye nyundo ya mama yao. Haitoshi kuwaambia watu hao waache. Kinachowezekana ni kila anayetaka kuanza machimbo mapya aulize kwanza katika ofisi ya wadi au kwa chifu, na kila anayeona maduara, ng'ombe au alama za rangi kwenye jiwe lolote la vilima hivi atoe taarifa kabla ya nyundo kugonga. Si ajabu kuwepo michoro ambayo bado haijaandikwa popote.

Kabla ya kushuka, mgeni aombe aonyeshwe mahali pa juu penye uwazi. Anga ikiwa safi, Mlima Elgon hujaza upande wa kaskazini, na magharibi huonekana jiwe la Tororo likiwa limesimama peke yake ndani ya Uganda. Kutoka huko juu mpaka wa nchi hauonekani kabisa. Mashamba ni yale yale, na moshi wa majiko ni ule ule.

Mchana: Malaba

Malaba huonwa na wengi kupitia dirisha la basi, na ukweli ni kwamba kutoka dirishani haupendezi. Malori, vumbi, vibanda vya kubadilisha pesa na malori tena. Anayeshuka na kutembea kwa saa moja huona mji tofauti.

Mji huu ni mtoto wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mzigo wa Uganda uliendelea kwa meli ziwani. Baadaye ikajengwa njia ya pili kupitia Nakuru na Eldoret hadi hapa mpakani, ikavuka Mto Malaba kwenda Tororo, na ikafika Kampala mwaka 1931. Mabehewa ya mizigo bado hupita. Shehena inayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia lango hili, kwa reli au kwa barabara, na ndiyo sababu shida ikitokea hapa huhisiwa mbali. Januari 2022, mvutano kuhusu upimaji wa korona ulipozuia madereva kuvuka, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Bungoma, na bei ya mafuta ikapanda Uganda.

Madereva hao ndio waliojenga uchumi wa chakula wa mji. Ugali, nyama, samaki wa ziwa, chapati na matoke hupatikana saa yoyote, na anayetafuta ugali wa wimbi na muhogo kwa kunde hakosi kuupata akiuliza akina mama wa sokoni. Mtu aliyetoka Kakapel asubuhi hiyo ana sababu ya kuitazama sahani yake mara mbili. Ajon, pombe ya wimbi ambayo Wateso hunywa kwa mirija mirefu wakiwa wamezunguka chungu kimoja, ina desturi zake za nani huketi wapi, na mgeni huipata kwa kualikwa. Mwenye kuendesha chombo chochote siku hiyo aiache.

Jioni: Busia

Kati ya Malaba na Busia kuna takriban kilomita 30. Njia hupitia Adungosi na Alupe. Alupe leo inajulikana kwa chuo kikuu, ingawa wazee wanaikumbuka kwa matibabu na utafiti wa ukoma na malale. Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliwahi kuwa tishio la kweli katika mpaka huu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma.

Mji wa Busia una kitu kimoja ambacho umeupa ulimwengu, nacho ni neno. Miaka ya 1960 na 1970, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande kirefu cha barabara kisicho cha upande wowote, na vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo yao. Walikuwa wakiita "border, border", na kwa matamshi ya hapa ikawa boda boda. Pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli, hasa baada ya mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, na neno likasambaa kutoka Mombasa hadi Kigali. Baiskeli zenyewe hazijaisha. Zipo hadi leo karibu na lango, zikiwa na kiti cha godoro nyuma, na kupanda moja kwa safari fupi ni njia nzuri ya kuuona mji.

Pia kuna wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zikiwa zimepakiwa hadi mwenyewe karibu haonekani. Wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na ni sehemu ya uchumi wa mpaka. Ni watu walio kazini, kwa hiyo anayetaka picha aombe ruhusa. Picha za lango lenyewe na za maafisa zisipigwe bila idhini.

Wanaotaka kuvuka kwa saa chache kuona soko la Sofia upande wa Uganda waelewe jinsi lango linavyofanya kazi sasa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Zamani msafiri alipanga foleni mara mbili, moja katika kila nchi. Siku hizi anayetoka Kenya haandikishwi upande wa Kenya, bali hupita moja kwa moja hadi ukumbi ulio upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Wa kwanza humtoa, wa pili humwingiza. Anaporudi, yote mawili hufanyika upande wa Kenya. Malaba hutumia utaratibu kama huo. Kosa la kawaida la mgeni ni kutafuta dirisha la kutokea upande wa Kenya, kulikosa, na kudhani kwamba hakuna haja ya kuandikishwa.

Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kwa watoto ambao hawajafikia umri wa kitambulisho, ni vyema familia iulize ofisi ya uhamiaji kabla ya siku ya safari. Njia za panya zipo na kila mtu anazijua, lakini aliyepita huko akipata ajali au kuibiwa upande wa pili hana kumbukumbu inayoonyesha aliingia lini. Kwa kitambulisho ambacho tayari kiko mfukoni, hakuna faida ya kuhatarisha hilo.

Wenye kununua bidhaa za kuuza wakumbuke kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo katika orodha ya pamoja, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani bila malipo. Wafanyabiashara wengi wadogo wa hapa ni wanawake, na si wachache wanaoendelea kuwalipa watu wa kati kwa cheti ambacho wangepewa bure wakikiomba dirishani. Pesa zibadilishwe benki au katika maduka yenye leseni. Wabadilishaji wa barabarani wana kasi, na kasi hiyo hiyo ndiyo huficha noti bandia.

Jambo dogo linalowaponza wengi ni mfuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Upande wa pili kaveera bado hutolewa na muuzaji bila kuombwa. Aliyenunua matunda au nguo ahamishie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla ya kufika langoni.

Jua likianza kushuka, harufu ya rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ndani, huanza kutawala pande zote mbili za mpaka. Anayelala mjini ana muda wa kuila ameketi. Anayerudi Amagoro au Kolanya aibebe mkononi na awe kwenye matatu ya Malaba kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu bodaboda za kwenda vilimani usiku ni chache na bei yake ya usiku si ile ya asubuhi.